Gazeti la raia ni la nani? Historia ya Leipziger Volkszeitung na wasomaji wake

Leipzig ni muji mukubwa mashariki mwa Ujerumani, katika jimbo la Sachsen. Wakaaji wake wanapita 600,000. Gazeti la kila siku la muji huo linaitwa Leipziger Volkszeitung, maana yake Gazeti la Raia la Leipzig. Wasomaji wengi wanalitaja kwa herufi tatu tu: LVZ.

Jina hilo limedumu tangu mwaka wa 1894, lakini wenye gazeti wamebadilika mara nyingi. Lilikuwa mali ya wafanyakazi wa chama, likafungwa na Wanazi, likarudi kama sauti ya chama kimoja kinachotawala, kisha likauzwa kwa kampuni za magharibi. Kila mara wenye kulishika walisema linasema kwa niaba ya raia. Na kila mara raia wenyewe, asubuhi wakiwa na gazeti mezani, walipaswa kujua wenyewe neno gani la kuamini na neno gani la kuruka.

MUJI WA MAGAZETI

Leipzig haikuanza jana na mambo ya kuchapa. Mwaka wa 1650 muchapaji mumoja kwa jina la Timotheus Ritzsch alianza kutoa hapo gazeti lililoitwa Einkommende Zeitungen, mara sita kwa juma. Wanahistoria wengi wanalihesabu kuwa gazeti la kwanza la kila siku duniani. Muji ulikuwa kwenye njia panda ya wafanyabiashara, na maonyesho yake ya vitabu yanaendelea mpaka leo.

Karne mbili kisha, viwanda viliongezeka na wafanyakazi wakawa wengi. Tarehe 23 mwezi wa 5 mwaka wa 1863, Ferdinand Lassalle na wenzake waliunda Leipzig chama kikubwa cha kwanza cha wafanyakazi wa Ujerumani. Kutokana na mizizi hiyo kilitokea chama cha SPD, ambacho kiko mpaka leo. Lakini kuanzia 1878 mpaka 1890 serikali ya Bismarck ilipiga marufuku mikutano na magazeti ya chama hicho. Mutu aliyetaka kusoma mawazo yake alisoma kwa kujificha, karatasi zikipitishwa mukono kwa mukono.

CHAMA CHA WAFANYAKAZI KINAANZISHA GAZETI

Marufuku ilipoondoka, kila muji mukubwa ulitaka kuwa na gazeti lake la wafanyakazi. Leipziger Volkszeitung ilitoka mara ya kwanza tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka wa 1894. Mukubwa wa kwanza wa redaksio alikuwa Bruno Schoenlank. Yeye alikataa gazeti la chama liwe kama hotuba ndefu isiyo na mwisho. Alitaka habari za kila siku, za bunge, za mahakama, za bei na za kazi, ili mufanyakazi asilazimike kununua gazeti la tajiri kwa kujua mambo ya muji wake.

Hii njia ilifanya LVZ ijulikane mbali na Leipzig. Mwaka wa 1898 mwanamke kijana aliyezaliwa Poland, Rosa Luxemburg, aliandika humo mufululizo wa makala. Alikuwa anamujibu Eduard Bernstein, aliyesema kwamba maisha ya wafanyakazi yanaweza kutengenezwa polepole kwa sheria na marekebisho, bila mapinduzi. Makala hizo zikawa kitabu, na kitabu hicho kinasomwa mpaka leo katika vyuo vikuu. Schoenlank alipokufa mwaka wa 1901, Rosa Luxemburg aliingia katika uongozi wa redaksio kwa muda mufupi, akaondoka mwaka wa 1902 baada ya kutoelewana na wenzake. Franz Mehring alikuwa mhariri mkuu tangu 1902 mpaka 1907.

Wasomaji wa wakati huo hawakuwa wanunuzi tu. Gazeti lilikuwa la chama, na chama kilikuwa cha wanachama waliolipa pesa yao kidogo kidogo. Basi chama kilipogawanyika, gazeti liligawanyika nacho. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, SPD ilikubali bunge liipe serikali mikopo ya vita. Redaksio ya LVZ ilipinga. Mwaka wa 1917 wapinzani wa vita waliunda chama chao, USPD, na LVZ ikaenda pamoja nao. Ilirudi kwa SPD tu wakati pande hizo mbili ziliungana tena mwaka wa 1922.

KUFUNGWA MWAKA WA 1933

Hitler alichukua serikali mwezi wa 1 mwaka wa 1933. Tarehe 27 mwezi wa 2 bunge la Berlin liliwaka moto. Kesho yake amri ya dharura iliondoa uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kuchapa. Magazeti ya wakomunisti na ya SPD yalifungwa nchi nzima, na LVZ kati yao. Nyumba na mashine zilinyanganywa. Waandishi wengine walikamatwa, wengine wakakimbia nchi.

Kwa muda wa miaka 13, Leipzig haikuwa na gazeti lenye jina hilo. Kuna familia zilizokuwa zimelisoma kwa vizazi viwili, baba na mutoto, na sasa zilibaki na magazeti yaliyosema lugha moja tu, lugha ya serikali.

KURUDI CHINI YA CHAMA KIMOJA

Askari wa Marekani waliingia Leipzig tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka wa 1945. Mwezi wa 7 waliondoka, na muji ukawa chini ya Wasovieti, kufuatana na mapatano ya wakubwa wa vita. Mwezi wa 4 mwaka wa 1946, katika sehemu ya Wasovieti, SPD na chama cha wakomunisti viliunganishwa kuwa chama kimoja, SED. Wanachama wa SPD waliokataa muungano walisumbuliwa, na wengine wakafungwa.

Mwaka huo huo wa 1946 LVZ ilitoka tena. Jina lilikuwa la zamani, na wazee walifurahi kuliona. Lakini mwenye gazeti alikuwa SED. Majimbo yalipofutwa mwaka wa 1952 na mahali pake kuwekwa wilaya 14, LVZ ikawa chombo cha uongozi wa SED wa wilaya ya Leipzig. Maneno hayo yaliandikwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza.

Kulikuwa magazeti mengine ya kila siku katika muji, ya vyama vidogo vilivyoruhusiwa: Sächsisches Tageblatt, Mitteldeutsche Neueste Nachrichten na Die Union. Hayo yalipewa karatasi kidogo, nayo pia yalifuata mustari wa serikali. LVZ ndiyo ilikuwa kubwa. Katika miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki ilichapa nakala zaidi ya 400,000 kila siku, katika wilaya yenye muji mumoja mukubwa na miji midogo mingi.

Waandishi walifundishwa hapo hapo Leipzig, katika idara ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Karl Marx. Wanafunzi wenyewe waliiita "monasteri nyekundu". Maelekezo ya habari kubwa yalitoka Berlin, kwenye ofisi ya kamati kuu ya chama. Habari za dunia zilipitia shirika moja la serikali, ADN. Kwa njia hiyo hakukuhitajika mutu wa kukaa redaksio na kalamu nyekundu kila usiku. Muandishi alijua mwenyewe mupaka uko wapi.

Aliyeuvuka alilipa. Erich Loest, kijana aliyeingia LVZ mwaka wa 1947, alitoa riwaya mwaka wa 1950. Wakubwa hawakuipenda, naye akapoteza kazi yake ya gazeti. Mwaka wa 1957 alikamatwa kwa sababu za kisiasa, akakaa gerezani mpaka 1964. Kisha akawa mumoja wa waandishi wakubwa wa vitabu wa muji huo, na mwaka wa 1996 Leipzig ilimupa heshima ya raia wa muji.

MAMBO YALIYOANDIKWA NA YALIYONYAMAZIWA

Kwa musomaji wa Congo, kuna jambo moja la kugusa hapa. Leipzig iko na barabara inayoitwa Lumumbastraße, kwa heshima ya Patrice Lumumba aliyeuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961. Kwenye barabara hiyo kulikuwa Herder-Institut, ambako wanafunzi wengi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walijifunza Kijerumani kabla ya kuanza masomo. Kiswahili nacho kilifundishwa na bado kinafundishwa katika chuo kikuu cha Leipzig. Magazeti ya Ujerumani Mashariki yaliandika juu ya kifo cha Lumumba kwa ukali na kwa huzuni.

Lakini musomaji huyo huyo wa Leipzig, aliyejua mateso ya Congo, hakuweza kusoma hewa ya kwake ikoje. Kusini ya muji kulikuwa na machimbo ya makaa ya mawe na kiwanda cha Espenhain. Moshi na vumbi lake vilifunika nyumba na nguo zilizoanikwa. Kijiji cha Mölbis karibu na kiwanda kilijulikana kwa uchafu wa hewa. Watu walikohoa, watoto waliugua. Tangu 1982 takwimu za uchafuzi zilikuwa siri ya serikali, na gazeti halikuweza kuzitoa. Mutu alijua kwa pua yake jambo ambalo gazeti lake halikusema.

Vilevile tarehe 30 mwezi wa 5 mwaka wa 1968, serikali ilipasua kwa baruti kanisa la chuo kikuu, Paulinerkirche, lililosimama tangu zamani za kati na ambalo halikuanguka hata katika mabomu ya vita. Wakaaji wengi walilia. Gazeti la raia lilisimama upande wa waliopasua.

Basi raia walijifunza namna yao ya kusoma. Wengi walianzia ukurasa wa nyuma. Walisoma matangazo ya vifo, ili wajue nani wa kartie ameondoka. Walisoma michezo: mwaka wa 1987 timu ya 1. FC Lokomotive Leipzig ilifika fainali ya kombe la Ulaya la washindi wa makombe, ikafungwa 1-0 na Ajax kule Athens. Walisoma matangazo madogo ya kubadilishana nyumba au kuuza gari iliyotumika, juu ya gari mpya mutu aliweza kuingoja zaidi ya miaka kumi. Ukurasa wa kwanza, wenye hotuba za chama, wengi waliupitia kwa jicho tu. Jioni waliwasha televisheni ya magharibi na kulinganisha.

BARUA YA TAREHE 6, JIONI YA TAREHE 9

Mwaka wa 1989 hiyo namna ya kusoma ilipata kazi nzito. Tangu 1982, kila siku ya kwanza, kulikuwa sala ya amani katika kanisa la Nikolaikirche. Mwezi wa 9 mwaka wa 1989, watu waliotoka kanisani walianza kuandamana barabarani. Kila juma waliongezeka.

Tarehe 6 mwezi wa 10, LVZ ilichapa barua iliyosainiwa na mukubwa wa kikosi kimoja cha wanamgambo wa viwandani, yaani wafanyakazi waliopewa silaha na chama. Barua ilisema kwamba maadui wa serikali hawatavumiliwa tena, na kwamba kikosi kiko tayari kulinda ujamaa, hata kwa silaha mukononi kama italazimu.

Hakuna aliyeichukua kama barua ya kawaida ya musomaji. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu jeshi la China liue waandamanaji Beijing, na uongozi wa Ujerumani Mashariki ulikuwa umewapongeza wakubwa wa China. Uvumi ulienea Leipzig kwamba hospitali zimeandaa vitanda na damu. Wazazi waliambiwa wachukue watoto mapema. Watu walijua kwamba gazeti hilo halichapi maneno kama hayo bila ruhusa ya juu. Safari hii waliusoma ukurasa mustari kwa mustari.

Siku ya kwanza, tarehe 9, maelfu ya polisi, askari na wanamgambo walikuwa tayari katikati ya muji. Karibu saa kumi na mbili ya jioni, sauti ilisikika kwenye redio na kwenye vipaza sauti vya muji vilivyowekwa barabarani. Ilikuwa sauti ya Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus. Alisoma mwito wa watu sita: yeye mwenyewe, muchekeshaji Bernd-Lutz Lange, mutheolojia Peter Zimmermann, na makatibu watatu wa SED wa wilaya. Waliomba utulivu na waliahidi mazungumzo. Wale makatibu watatu walikuwa wakubwa katika uongozi ule ule ambao LVZ ilikuwa chombo chake.

Angalau watu 70,000 waliandamana usiku ule. Hakuna risasi iliyopigwa. Vijana wawili, Aram Radomski na Siegbert Schefke, walipanda juu ya munara wa kanisa wakapiga picha za video kwa siri. Kanda ilivushwa mpaka magharibi, na kesho yake wakaaji wa Leipzig waliona maandamano yao wenyewe kwenye televisheni ya nchi nyingine. Siku tisa kisha Erich Honecker aliondoka madarakani. Tarehe 9 mwezi wa 11 ukuta wa Berlin ulifunguka.

Barua ile ya tarehe 6 ilitaka kuwaogopesha watu wabaki nyumbani. Wengi waliogopa kweli, na bado walitoka. Mpaka leo, mutu akitaka kueleza historia ya LVZ, hawezi kuruka ukurasa ule.

GAZETI LINAUZWA

Katika majira ya baridi ya 1989 na 1990, magazeti ya Ujerumani Mashariki yalijaa barua za wasomaji. Mambo yaliyofichwa miaka mingi yalianza kuandikwa: hewa, hospitali, mali ya wakubwa, polisi wa siri. LVZ ilijitenga na chama na ikaondoa maneno ya chama kwenye ukurasa wa kwanza. Jina ilibakiza.

Magazeti mengine mapya yalizaliwa mwaka wa 1990 kila mahali mashariki. Mengi yalikufa haraka. Hayakuwa na mashine, wala orodha ya wateja wa kila mwezi, wala pesa za kuvumilia. Magazeti ya zamani ya chama yalikuwa na hivyo vyote. Kwa sababu hiyo, serikali ilipoyauza kupitia ofisi ya Treuhand mwaka wa 1991, kampuni kubwa za magharibi ziliyakimbilia. LVZ ilichukuliwa na kampuni mbili nusu kwa nusu: Axel Springer na Madsack ya Hannover. Mwaka wa 2009 Springer iliuza sehemu yake, na Madsack ikabaki peke yake.

Hapa historia ilizunguka. Katika Madsack, SPD kupitia kampuni yake ya DDVG iko na sehemu inayokaribia robo. Chama kilichoanzisha LVZ mwaka wa 1894, na kuipoteza mara mbili, kimerudi kwa mulango wa nyuma kama mwenye hisa, bila kuwa mwandishi wa mustari wa gazeti. Watu wengine mashariki walilalamika kwa jambo kubwa zaidi: kwamba magazeti yao karibu yote sasa ni mali ya watu wa magharibi. Mwaka wa 2024 Madsack ilinunua pia kampuni ya Sächsische Zeitung ya Dresden. Sauti zilizo mbalimbali katika jimbo zimepungua tena.

WASOMAJI WA LEO

Leo LVZ inatoka siku sita kwa juma. Iko na matoleo ya miji midogo ya kandokando, kama Borna, Delitzsch, Grimma na Oschatz, na ndugu yake Dresden anaitwa Dresdner Neueste Nachrichten. Habari za Ujerumani nzima na za dunia nyingi zinatengenezwa na redaksio ya pamoja ya Madsack, RND, iliyoanzishwa mwaka wa 2013. Kazi kubwa ya watu wa Leipzig wenyewe ni muji: halmashauri, shule, tramu, mahakama, kodi ya nyumba, timu ya RB Leipzig.

Namna ya kununua pia ni tofauti na ile tunayoizoea barabarani. Wasomaji wengi wako na abonema: wanalipa kwa mwezi, na mugawaji analeta gazeti kwenye sanduku la barua kabla ya alfajiri. Wengi wao ni watu wenye umri mukubwa. Vijana wanasoma kwenye simu, na sehemu ya makala inalipiwa kwa jina la LVZ+. Tiraji ya karatasi leo haifiki nusu ya ile ya 1989. Katika vijiji vya mbali, kupeleka nakala chache kwa gari ni gharama kuliko pesa inayorudi, na hilo ndilo swali zito la magazeti yote ya mikoa ya Ujerumani.

Kuna swali la pili, la imani. Mwezi wa 1 mwaka wa 2015 kundi la Legida, lililopinga wahamiaji na Uislamu, lilianza kuandamana Leipzig, kwenye barabara zile zile za 1989. Lilipiga kelele "Lügenpresse", maana yake magazeti ya uongo, na waandishi na wapiga picha walishambuliwa. Waandamanaji wengine walisema wao ndio warithi wa 1989. Tofauti iko wazi kwa mwenye kukumbuka: mwaka wa 1989 msomaji hakuwa na haki ya kumujibu mhariri wala kufungua gazeti lake. Leo anaweza kuandika barua ya kupinga ikachapwa, kudai sahihisho kwa sheria, au kuacha kulipa abonema.

Hii ya mwisho ndiyo inayosikika haraka katika ofisi ya LVZ. Wenye hisa wanakaa Hannover, lakini kila mwezi wasomaji wa Leipzig wanaamua upya kama wataendelea kulipa.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

1894: toleo la kwanza, gazeti la SPD.
1917: linajiunga na chama cha USPD, linarudi SPD mwaka wa 1922.
1933: Wanazi wanalifunga.
1946: linatoka tena, chini ya SED.
1989: barua ya tarehe 6 mwezi wa 10, siku tatu kisha, maandamano ya watu 70,000.
1991: linauzwa kwa Axel Springer na Madsack.
2009: Madsack inabaki mwenye gazeti peke yake.